Mkwaju Uliokatwa na Majina Tuliyoyasahau

UKURASA WA MWALIMU

Mwezi uliopita niliahidi kuandika juu ya watoto wanaokosa shule siku za mgao. Naomba radhi, hiyo itangoja kidogo. Limetokea jambo hapa kwetu Lobule ambalo limenikosesha usingizi. Linahusu nyumba yangu mwenyewe, basi nimeona heri nilieleze mimi kabla halijaelezwa vibaya na wengine.

Neno la mwezi huu ni kuwakumbuka wazee wetu waliotangulia, pamoja na hekima waliyotuachia. Najua wengine watasema, "Aa, mwalimu, sisi tunatafuta unga na kuni, wewe unatuletea habari za marehemu?" Vumilieni kidogo. Mkisoma hadi mwisho mtaona kwamba habari za marehemu na habari za kuni zimeingiliana.

MTI ULIOSIMAMA PEKE YAKE

Si mnajua kuni zilivyo tabu siku hizi. Mama anatoka alfajiri, anarudi saa sita na kitita cha vijiti ambacho hakiivishi hata maharage. Basi vijana watatu wa upande wetu waliamua kuchoma makaa wapate pesa kidogo. Mmoja wao ni mdogo wangu, tumbo moja na mimi. Walikwenda mbali, wakaona mkwaju mkubwa umesimama peke yake porini. Karibu yake hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna mtu. Wakasema huu ni mti wa Mungu tu, wakaanza kuukata. Mkwaju ni mti mgumu, makaa yake hukaa na moto muda mrefu, ndiyo maana watu wanautamani. Iliwachukua siku mbili kuuangusha.

Siku ya tatu wakaja wenyeji wenye ardhi ile. Walikuwa wengi na walikuwa wamekasirika sana. Walichukua shoka na panga, wakasema kuanzia siku ile mkimbizi asikanyage tena upande wao, si kwa kuni, si kwa nyasi za kuezeka, si kwa kulima. Na sisi tunajua kwamba familia nyingi hapa zimepewa vipande vya kulima upande huo huo. Mihogo yao ilikuwa bado ardhini. Usiku ule mama zetu walikuwa wanaulizana watakwendaje kisimani kesho, maana hata kisima kiko njia ile ile. Mdogo wangu hakula. Alikaa tu anaangalia chini.

Kesho yake kukawa na mkutano chini ya mwembe. Alikuja mwenyekiti wa LC wa kijiji, akaja mwenyekiti wetu wa wakimbizi, na wazee wa pande zote mbili. Mimi nilikwenda kama kaka wa mkosaji, kwa hiyo nilikaa nyuma nikafunga mdomo.

Mzee mwenye ardhi alisimama akasema kwa Kikakwa, polepole, bila kupiga kelele. Nawaandikia kama nilivyomsikia:

"Pale mlipokata ndipo ilipokuwa nyumba ya baba yangu. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba askari walipokuja. Walichoma nyumba zote. Tulikimbia usiku tukavuka kwenda Zaire. Tuliporudi, nyasi zilikuwa zimepita kichwa cha mtu, hakuna njia, na nyumba zimekuwa udongo. Kitu kimoja tu kilikuwa kimesimama, mkwaju. Tulihesabu hatua kutoka kwenye mkwaju, ndivyo tulivyolipata kaburi la babu. Sasa ninyi mmekata kidole kilichokuwa kinatuonyesha babu yetu amelala wapi."

Watu walinyamaza kimya. Hata watoto waliokuwa wanacheza pembeni walinyamaza.

Kwa watoto wangu wa shule ambao hawajui habari hii, hebu nieleze kwa ufupi. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa huku Koboko, aliondolewa madarakani mwezi wa Aprili 1979. Baada ya hapo watu wa West Nile walilipizwa kisasi kwa makosa ya mtu mmoja. Kuanzia Oktoba 1980 vita vilifika hadi vijijini, na watu wengi sana wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, kule Ombaci karibu na mji wa Arua, watu waliokuwa wamejificha kwenye misheni ya Wakatoliki waliuawa na askari. Kwa hiyo hawa wenyeji mnaowaona leo na mashamba na ng'ombe zao, wengi wao wamewahi kulala chini ya turubai kama sisi. Walirudi kwao miaka ya themanini, wakaanza upya na jembe moja moja.

SWALI LA MZEE WETU

Baadaye akainuka mzee wetu mmoja, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hapendi kusifiwa. Anatembea kwa fimbo na macho yake yamepungua nguvu. Nilidhani ataanza na kuomba msamaha. Hapana. Alianza na swali.

"Ndugu yangu, ulipovuka Zaire, ulilala wapi?"

Yule mwenyeji akajibu, "Upande wa Ingbokolo."

"Nani alikupa mahali pa kulima?"

Akataja ukoo.

Mzee wetu akatikisa kichwa. "Huo si ukoo wangu, lakini nawajua. Kisima chao na chetu kilikuwa kimoja. Miaka ile nilikuwa nimeshaoa. Tulisikia watu wanakuja na watoto mgongoni. Baba yangu akatuita, akagawa shamba la mihogo kwa mistari, hii yetu, ile ya wageni. Nikamwuliza, baba, mpaka lini? Akanigombeza. Akasema mgeni hahesabiwi miezi. Mimi leo sikwambii haya ili nikudai. Shamba ulilotupa hapa limeshalipa. Nakwambia ili ujue kwamba sisi wazee ndio tulioharibu. Hawa vijana walizaliwa wakati wa kukimbia, wamekulia kwenye mahema. Kwetu hakuna mtoto anayekata mti mkubwa uliosimama peke yake kabla ya kuuliza, maana lazima kuna mtu aliyeuacha. Hilo nilifundishwa na baba yangu. Mimi sikuwafundisha hawa. Basi kosa ni langu, tusamehe."

Wapenzi wasomaji, sijawahi kuona mtu mzima akichukua kosa la mtoto wa mwenzake namna ile, mbele ya watu wote. Nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu mimi ndiye kaka, tena ndiye mwalimu, na sikuwa nimesema neno.

Wenyeji walikwenda pembeni wakashauriana. Waliporudi hawakutaja pesa. Walisema hivi: vijana watajenga uzio wa miiba kuzunguka kisiki na makaburi. Watapanda mikwaju miwili, nao watainywesha maji kila kiangazi mpaka ishike. Mti wowote mkubwa usikatwe kabla ya kumwuliza mwenye ardhi. Na la mwisho, Jumamosi vijana waende wakae na mzee, wasikie majina ya watu waliolala pale, ili wajue wamekata mti wa nani.

Mashamba yakafunguliwa siku ile ile. Kisima nacho kikafunguliwa. Lakini njia ya kuni ya upande ule bado imefungwa hadi leo ninapoandika, na hatuna haki ya kulalamika. Tuwe na subira, jamani.

Nataka tuelewe jambo moja hapa. Ardhi hii ya Lobule, ambayo tunakaa tangu makazi yafunguliwe mwaka 2013, si pori la serikali. Huku West Nile sehemu kubwa ya ardhi ni ya koo, kwa desturi, na sheria za Uganda zinalitambua hilo. Kabla ya sisi kupewa kiwanja na jembe, kuna wazee waliokaa chini wakakubali. Walikubali kwa sababu walikumbuka. Kama wangekuwa wamesahau Zaire, tungekuwa wapi leo?

MAJINA MANNE

Sasa nafika kwenye jambo lililoninyima usingizi.

Jumamosi jioni mdogo wangu alirudi kutoka kwa yule mzee. Alikuwa mchangamfu kidogo, mara ya kwanza wiki nzima. Akatutajia majina manne ya watu waliolala chini ya mkwaju, kutoka baba hadi baba wa babu, na huyu alifanya nini na yule aliitwaje kwa utani. Alikuwa ameyashika vizuri kabisa. Mama alikuwa anasonga posho. Bila kugeuka akasema, "Vizuri, mwanangu. Sasa nitajie ya kwetu."

Mdogo wangu akataja baba. Akataja babu. Akasimama. Akaniangalia mimi.

Nami nikaongeza jina moja, basi. Mimi niliyemaliza sekondari, mimi ninayesimama mbele ya watoto na chaki, nilifika jina la tatu nikakwama. Mama akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Upande wake yeye anajua majina sita, lakini upande wa baba haujui wote, na baba hatunaye.

Babu yetu mzaa baba alifia hapa hapa Lobule mwaka 2019. Tuliishi naye miaka sita. Kila jioni alikuwa nje kwenye kigoda chake, hana kazi, anangoja mtu wa kuzungumza naye. Mimi nilikuwa napita na daftari langu nakwenda kusoma kwenye taa ya jirani. Nilikuwa nasoma historia! Nilijua Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza mwaka gani na vikaisha mwaka gani. Jina la baba wa babu yangu sikulijua, na mtu aliyelijua alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwangu. Nikimsalimia, "Babu, umeshindaje," nilikuwa naona nimemaliza heshima yote.

Leo nikitaka kuuliza, namwuliza nani? Kaburi lake tunalo, tunalifyeka kila mwaka. Lakini kaburi halijibu.

Jumatatu nikawapa watoto wangu wa darasa la tano kazi ya nyumbani. Nikasema kila mmoja aandike majina ya babu zake na bibi zake mpaka atakapofika mwisho. Darasa langu lina watoto zaidi ya tisini. Wachache walifika majina matano, na nikiwauliza, wote hao wanaishi na bibi au babu nyumbani. Wengi waliishia mawili. Mtoto mmoja alileta karatasi safi yenye namba tu. Nikamwuliza, hii ni nini? Akasema, "Mwalimu, nyumbani hakuna anayejua, nikaandika namba ya kadi yetu ya mgao." Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Namba ile ilinikumbusha habari ya ndugu zetu weusi wa Marekani, ambao babu zao walichukuliwa utumwani. Mwaka 1850, na tena mwaka 1860, serikali ya kule ilihesabu watumwa katika orodha ya peke yao. Waliandika jina la bwana mwenye watumwa. Mtumwa mwenyewe aliandikwa umri, mwanamume au mwanamke, na rangi yake, lakini karibu wote hawakuandikwa jina. Mpaka hesabu ya mwaka 1870, baada ya utumwa kuisha, ndipo wengi wao walipoandikwa kwa majina kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo hata leo, mjukuu wao akitafuta ukoo wake katika vitabu, akirudi nyuma anagonga ukuta kwenye mwaka ule wa 1870. Wengine hutumia miaka na pesa nyingi kutafuta jina moja tu la babu. Wakilipata wanalia.

Sasa sisi je? Hapa kuna mtu ambaye bibi yake analala chumba cha pili, na bibi huyo ana majina saba kichwani, na hakuna aliyemwuliza. Kadi ya mgao ni kitu kizuri, tuitunze, inatupatia chakula. Lakini tusikubali kuwa hiyo namba ndiyo ukoo wetu.

MIPAKA NI MIDOGO KULIKO MAKABURI

Wengine wataniambia, "Mwalimu, sisi tumeshakatika. Tuko Uganda, makaburi yako Congo, wengine Sudan Kusini. Tukumbuke nini?"

Basi sikilizeni. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji nchi iliyoitwa Lado, ndani yake zikiwemo Arua na Koboko, ili aishike muda wote wa maisha yake. Leopold akafa Desemba 1909. Mwaka 1910 nchi ile ikahesabiwa kuwa ya Sudan. Mwaka 1914 sehemu hii ya kusini ikapewa Uganda, na mwaka huo huo kituo cha serikali cha Arua kikaanzishwa. Piga hesabu mwenyewe. Babu mmoja aliyekaa tu nyumbani kwake, bila kuhama hata hatua moja, alikuwa chini ya serikali tatu katika muda wa miaka ishirini. Mpaka ndio uliohama, yeye alikaa.

Ndiyo maana sisi Wakakwa tuna neno la zamani, Saliya Musala, yaani mafiga matatu. Kakwa wa Congo, Kakwa wa Uganda na Kakwa wa Sudan Kusini ni mafiga matatu ya jiko moja. Na Waswahili nao wanasema jifya moja haliinjiki chungu. Siku ile chini ya mwembe, mzee mwenyeji na mzee mkimbizi waliweza kuelewana kwa sababu kila mmoja alijua habari ya mwenzake kabla ya mpaka. Kama wangekutana watoto wawili wasiojua kitu, mmoja angesema "wewe mkimbizi" na mwingine angesema "wewe mchoyo", na hapo panga zingeinuliwa.

Ndugu zetu Walugbara wa upande wa Arua wanasimulia juu ya mashujaa wao wawili wa mwanzo, Jaki na Dribidu. Jaki wanamtaja pamoja na mlima Liru, huu wa kwetu Koboko. Dribidu wanamtaja pamoja na mlima Wati, kule Terego. Wameweka kumbukumbu yao mahali ambapo mtoto akiinua macho anaiona. Sisi tuliokimbia hatukuweza kubeba milima yetu. Tulibeba sufuria, blanketi na watoto. Kilichobaki cha kuwekea kumbukumbu ni mdomo wa mzee na sikio la mtoto, na siku hizi daftari.

SI KILA KITU CHA ZAMANI NI CHEMA

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kila neno la mzee lifuatwe. Unga hupepetwa, na maneno ya zamani pia hupepetwa.

Wazee wenyewe wanatusimulia habari ya Rembe, Mkakwa aliyegawa maji ya dawa ya Yakan. Watu waliamini kwamba anayeyanywa hapati madhara ya risasi. Rembe alinyongwa Yei mwaka 1917. Lakini imani haikuisha, na mwaka 1919 wafuasi wa maji hayo walipambana na askari wa serikali huku kwetu, wakafa. Ni kama yale ya Maji Maji kule kusini mwa Tanzania, mwaka 1905 hadi 1907. Watu wale walikuwa wanakataa kuonewa, na hilo tunawaheshimu. Lakini maji hayakuzuia risasi. Mtoto anayeisikia habari hii yote, na ushujaa wake na kosa lake, hatadanganywa kirahisi na mtu anayeuza dawa ya miujiza sokoni, wala na kijana anayemwita aende msituni kushika bunduki.

Vile vile kuna mzee atakayekwambia binti wa miaka kumi na nne ameshakomaa, aolewe, ndiyo desturi. Huyo mpe heshima yake, mwamkie vizuri, mletee maji ya kunywa, na binti apelekwe shule. Bibi zetu wengi waliozaa wakiwa watoto watakusimulia wenyewe walivyoteseka, ukiwauliza. Na hiyo pia ni hekima ya wazee, ila hakuna anayeiuliza.

Kuhusu dini, tuna Wakristo na Waislamu humu kambini, na wengine wanaogopa kwamba kutaja wafu ni kurudi kwenye mizimu. Mimi siwaambii mtambike. Biblia inasema tuwaheshimu baba na mama. Waislamu nao wanafundishwa kuunga udugu na kuwaombea dua wazazi waliotangulia. Utamwombeaje mtu ambaye hata jina lake hulijui?

TUFANYE NINI?

Mimi ni mwalimu, siwezi kumaliza bila kutoa zoezi. Zoezi hili si la watoto peke yao, ni la nyumba nzima.

Kwanza, tafuta daftari moja. Hata la kurasa arobaini na nane linatosha. Funika kwa nailoni lisilowe mvua, liwekwe pamoja na kadi ya mgao na vyeti vya watoto. Ikitokea kukimbia tena, Mungu apishie mbali, litabebwa pamoja nazo.

Pili, kila jioni, mtoto mmoja amwulize mzee swali moja tu. Msimchoshe. Baba yako aliitwa nani? Alizikwa wapi, na kuna mti gani au jiwe gani karibu? Mama yako alitoka ukoo gani? Mwaka wa njaa mlikula nini, na majani gani ya porini hayadhuru? Mlipogombana na jirani, nani aliwapatanisha na alisema nini? Kwa nini una jina hilo?

Tatu, msisahau bibi. Mara nyingi tunaandika wanaume tu, halafu tunashangaa habari ina matundu. Mimi nimeanza na majina sita ya mama yangu, na kwa njia ya shangazi wa mama nimepata jina moja la upande wa baba. Sasa ninayo manne. Bado natafuta.

Nne, kama nyumbani hakuna mzee, azimeni. Kuna wazee humu wanaokaa peke yao, watoto wao walibaki njiani au wako mbali. Mpelekee maji dumu moja, kaa naye, mwulize. Hata kama si kabila lako. Yeye anapata mtu wa kuzungumza naye, nawe utajua kitu.

Tano, waulizeni na wenyeji. Kabla ya kukata mti, kabla ya kuchimba udongo wa matofali, mwulize mwenye ardhi, "Baba, hapa palikuwa na nini?" Swali hilo halina gharama, na lingeokoa mkwaju.

Na wewe kijana unayesoma kwa bidii, kama nilivyokuwa nasoma mimi, soma sana, usiache. Lakini ukipita mbele ya kigoda cha babu jioni, kaa chini dakika kumi. Mtihani utakuwepo na mwakani. Babu sina hakika.

Shuleni kwetu nimetenga saa moja kila Ijumaa mchana, baada ya masomo, ambapo mzee mmoja anakuja kusimulia na watoto wanaandika. Ijumaa iliyopita alikuja yule mzee wetu wa fimbo. Nilipomwuliza ataanza na nini, alisema ataanza na miti. Yule mtoto wa namba ya kadi alikaa mbele kabisa. Jirani yao mmoja, mama mtu mzima, alikuwa amemtajia jina la bibi yake mzaa mama, walitoka kijiji kimoja kumbe. Aliliandika juu ya ile karatasi yake, juu ya namba.

Mdogo wangu anakwenda kunywesha mikwaju yake kila Jumamosi. Mmoja ulikauka, akapanda mwingine. Kisiki cha ule wa zamani kimetoa vichipukizi pembeni, na mzee amesema visiguswe na mbuzi.

Wasomaji wetu wa Rhino Camp na Imvepi, upande wa Arua, najua nanyi mna habari kama hizi. Mkiwa na jina la mti, la kisima au la mlima ambalo wazee wenu waliwafundisha, au neno lililowahi kupatanisha watu, liandikeni mlipatie mwalimu aliye karibu nanyi, atuletee. Tutaandika hapa kadiri nafasi itakavyoruhusu. Mwandiko usiwatie aibu, mimi nitausoma tu.

Hadi mwezi ujao, ambapo tutarudia ahadi yetu ya watoto na siku za mgao, kaeni salama, na wasalimieni wazee wote nyumbani. Msiwasalimie tu mkapita, kaeni nao kidogo.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea, Lobule, Koboko.